Ukurasa wa Nne

Zabuni inafungwa kesho saa nne asubuhi
na ukurasa wa nne bado mweupe:
"Wasifu wa Viongozi wa Kampuni,"
nukta mbili, basi.
Mimi hulipwa kwa ukurasa, si kwa neno.
Kiduka changu nyuma ya soko la Kiusa, Moshi,
kina printa inayokohoa na benchi moja,
na usiku huu washauri watatu wa ulinzi na uhandisi
wamebanana juu yake kama watoto wa kipaimara.

"Anza na mimi," anasema Meja mstaafu Mfinanga.
"Miaka ishirini na sita jeshini, kikosi cha uhandisi."
Nachapa.
"Madaraja?"
"Kumi na moja."
Nachapa kumi na moja.
Anavua kofia, anaipangusa vumbi lisilokuwepo.
"Niliyojenga ni kumi na moja.
Yaliyosimama ni kumi."
Nauliza niandike lipi.
Printa inakohoa. Meja anatazama dari.

Injinia Ndekusara ana bahasha ya plastiki:
shahada, usajili, nambari ya bodi, vyote kwa tarehe.
Hasemi kitu kuhusu babu yake,
aliyeshika zamu za maji kwenye mfongo kule Kibosho
na kujua kwa sikio tu mfereji ulipotoboka:
maji yakibadili sauti, ama fuko anachimba
ama jirani anaiba.
Nami najua, maana kwa mama yangu ni ng'ambo ya mfereji uleule,
zamu yetu Jumanne,
na sauti ile ilitubadilikia mara nyingi.
Ulinzi na uhandisi alivisomea hapo, pekupeku, kwenye tope moja.
Fomu haina kisanduku cha babu.

Wa tatu ni Apaeli Tarimo, Mkurugenzi wa Ulinzi.
"Elimu?"
"Darasa la saba."
"Baada ya hapo?"
"Geti."
Miaka kumi na tisa, geti la kiwanda cha kahawa,
rungu, filimbi, koti la mtu mwingine.
Usiku mmoja akapitiwa na usingizi
magunia arobaini yakatoka yakimpita miguuni.
Akafukuzwa kabla ya chai.
Badala ya kurudi Rombo na aibu yake
akazunguka mji mzima, geti hadi geti,
akiwauliza walinzi swali ambalo bosi hajawahi kuuliza:
wewe hulala saa ngapi, na wapi?
Saa tisa na robo, wakamjibu. Karibu na jiko.
Ushauri wake wa kwanza aliutoa bure:
jiko la mkaa lihamie mbele ya geti,
anayetaka joto alifuate kazini.

"Hilo la usingizi usiliandike," Meja anasema.
"Nani atampa kazi mlinzi aliyelala?"
"Na nani atampa," anauliza Ndekusara,
"asiyejua usingizi huingilia wapi?"

Hapo umeme ukakatika.
Wataalamu watatu wa usalama, tochi hakuna.
Tukakaa, tukisikia mtaro wa barabarani na mbwa wa Majengo,
mpaka mkono wa Tarimo ukapapasa mlango wangu gizani.
"Komeo hili limelegea.
Umelala nalo hivi tangu lini?"
Sikumjibu. Ilikuwa tangu Pasaka.

Taa ziliporudi, Meja alikuwa amesimama nyuma yangu.
"Andika kumi na moja," akasema polepole,
"kisha andika: moja lilichukuliwa na maji,
na nilirudi kupima kwa nini."
Tarimo akakohoa kama printa.
"Basi na yangu iandike."
Ndekusara akafungua bahasha, akaifunga tena,
akaniambia jina la babu, herufi kwa herufi.

Ukurasa wa nne ukawa kurasa mbili.
Nikawatoza mmoja.

Matokeo ya zabuni sijayasikia.
Komeo nimelibadilisha.